Vitabu Vitatu, Mama Mmoja

Kuna alasiri moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa miaka imekwenda na magoti yangu sasa yanaijua mvua kabla ya redio kuitangaza. Nilikuwa nimesimama katika chumba cha kliniki yetu kule Gatwekera, Kibera, vitabu vitatu vimefunguliwa juu ya meza, na mbele yangu mama mmoja amempakata mtoto mchanga, ananingojea nimwambie neno moja tu. Neno hilo sikuwa nalo.

Nitakusimulia. Lakini kwanza nikwambie ni nini kimenikumbusha.

Jumapili iliyopita Linet alikuja kunitembelea hapa Kawangware 46. Linet ni binti ya kaka yangu, naye ni muuguzi kama nilivyokuwa mimi. Ananiita senje, ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu Uluhyani. Nilikuwa nimempikia kuku, na ugali wa kutosha watu wenye njaa, maana wauguzi wote nijuao hula kama watu wanaokimbizwa. Lakini siku hiyo hakula. Kila akikata tonge, simu inalia. Anaitazama, anaifunika mezani. Inalia tena.

Nikamuuliza, "Mama, ni nani huyo hataki ule?"

"Wacha tu, senje. Ni magrupu ya kazi. Kaunti wametuma PDF, wizara wametuma ingine, na hawa watu wa mradi wameleta ripoti mbili. Kurasa ni mob, haziishi, na kesho wataanza kuuliza nani amesoma na nani hajasoma."

Akasukuma sahani. Nikaona macho yake yamejaa maji.

"Senje, mimi nimechoka. Si wagonjwa. Wagonjwa nawaweza. Ni hizi makaratasi. Naogopa kuna kitu imeandikwa mahali, sijasoma, halafu siku moja mtu aumie juu yangu. Hata nimefikiria niache hii kazi niuze nguo."

Sikumcheka. Hofu hiyo naijua, nimelala nayo kitanda kimoja. Nikanawa mikono, nikamsimulia haya ninayokusimulia wewe, mwanangu, kwa sababu najua hata wewe uko na simu, na simu yako nayo hailali.

Zamani hizo nilikuwa kijana, nimeolewa juzijuzi, na nguo zangu za kazi bado zina rangi ya dukani. Kliniki yetu ilikuwa ndogo, kuta za mabati, ila ilikuwa safi, na foleni yake haikuisha. Na Kibera, mwanangu, haijawahi kukosa wageni wa kuandika. Mgeni anakuja, anauliza maswali, anapiga picha, anakwenda zake, halafu baada ya muda kinarudi kitabu. Kila mradi ulikuwa na kitabu chake. Kila shirika lilikuwa na ripoti yake, na mwongozo wake, na muhtasari wa ule mwongozo, na baadaye masahihisho ya muhtasari. Vilikuja vimefungwa kwa mafurushi, majalada yanang'aa, na karibu kila jalada lina mtoto anayecheka. Safari moja tulimtambua yule mtoto. Alikuwa mjukuu wa mama muuza mandazi wa pale Makina! Tulimpelekea bibi yake kile kitabu, akakitundika ukutani kando ya kalenda. Nadhani ndiyo ripoti pekee niliyowahi kuona ikimfurahisha mwenye kuipokea.

Mkubwa wetu pale kliniki alikuwa Sista Halima, sista kwa maana ya muuguzi. Alikuwa Mnubi, mzaliwa wa Makina. Babu zake walikaa Kibera tangu ilipokuwa bado na miti mingi kuliko nyumba. Alivaa hijabu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, na viatu visivyo na kelele, kwa hiyo ulimwona kabla hujamsikia, na kwa kawaida ulimwona wakati ambao hukutaka. Alikuwa amezalisha nusu ya mtaa. Wanaume wazima wenye ndevu walimpisha njia, kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwapokea duniani.

Siku moja aliniita, akanionyesha lile rundo la vitabu pembeni. "Nafula, wewe unapenda kusoma. Hivi viwe vyako. Visome, utuambie vinasema nini."

Ah, nilijiona mtu! Kati ya wafanyakazi wote, mimi ndiye niliyeaminiwa kusoma. Nikaanza kubeba vitabu nyumbani kwa kiondo, juu ya sukuma wiki. Nilisoma nikichemsha githeri, nikasoma nikikamua nguo. Mume wangu Wekesa, fundi wa mabomba, mtu wa maneno machache, alivumilia muda, mpaka siku aliyolalia pembe ya kitabu ikamchoma mbavu. Akakaa kitako, akaniuliza kwa upole, "Mama, hii kitanda ni ya watu wawili, ama ni ya watu wawili na serikali?"

Tulicheka. Lakini ndani yangu nilikuwa nimeanza kuogopa. Nilipomaliza kitabu kimoja, viwili vilikuwa vimefika. Nilichosoma juzi kilikuwa kimepingwa na nilichosoma leo. Watu husema elimu ni bahari, na ni kweli, ila wanaosema hivyo husahau kukukumbusha kwamba bahari huzamisha. Mtu akisoma sana, mwanangu, na asipate mahali pa kuyaweka aliyoyasoma, hajui zaidi. Anaogopa zaidi. Nilifika mahali nikimpa mtu dawa ya minyoo, jambo nililolifanya mara nyingi sana, nasimama kidogo nikijiuliza kama kuna ukurasa mahali fulani unaonikataza.

Ndipo akaja yule mama.

Nitamwita Akinyi. Jina lake si hilo, na hata nyumba yake sitakuelekeza ilipo. Muuguzi hustaafu, mwanangu, lakini siri ya mgonjwa haistaafu. Akinyi alikuwa mama mwenye virusi vya UKIMWI, na mtoto wake wa kike alikuwa na wiki chache tu. Miaka hiyo dawa hazikuwa kama za leo. Virusi vingeweza kupita kwenye maziwa ya mama, hilo tulilijua. Lakini pia tulijua mtoto anayelelewa kwa maziwa ya kopo au ya ng'ombe, mahali ambapo maji ya bomba yanapita kando ya mtaro, anaweza kufa kwa kuhara kabla virusi havijapata nafasi. Mama afanye nini? Hilo ndilo lililokuwa swali, na dunia nzima ya wasomi ilikuwa ikibishana juu yake, na ubishi wao ulikuwa ukitufikia sisi ukiwa umepigwa chapa na kutiwa jalada.

Akinyi akakaa, akaniangalia. "Daktari, nataka kujua kitu moja. Huyu mtoto nimnyonyeshe ama nisimnyonyeshe?"

Nikafungua kitabu cha kwanza. Kilisema asinyonyeshe, atumie maziwa ya kopo. Nikafungua cha pili. Kilisema anyonyeshe, lakini aache mapema na aache ghafla. Cha tatu kilisema anyonyeshe peke yake miezi sita, asimchanganyie na kitu kingine chochote. Nikavipanga vyote kando kwa kando kama mtu anayecheza karata. Fisi wa hadithi alishindwa na njia mbili, mwanangu. Mimi nilikuwa na tatu.

Nikamwambia ukweli. "Mama, ngoja kidogo. Nikaulize nisikuambie vibaya."

Nikatoka kumtafuta Sista Halima. Alikuwa na mama mwenye uchungu chumba cha pili, sikuweza kumvuta. Niliporudi, benchi lilikuwa tupu. Walionisubiri nje waliniambia yule mama aliondoka akisema maneno kwa Kijaluo, na kwamba hayakuwa maneno ya kanisani.

Jioni ile, mama mwenye uchungu alipokuwa amejifungua salama, nilimweleza Sista Halima yote. Nilidhani ataniambia tutamwona akirudi. Hakusema hivyo. Aliniuliza swali moja tu.

"Mtoto alikuwa anaonekana aje?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimetazama vitabu kuliko nilivyomtazama mtoto, lakini picha ilikuwepo bado machoni. "Alikuwa mwepesi, Sista. Na alikuwa kimya."

"Vaa viatu vya matope," akasema. "Twende."

Tukashuka kule ndani, kwa vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani bila kugeuka ubavu. Ilikuwa imenyesha, na jua la jioni lilikuwa likimulika mabati mpaka macho yanauma. Sista Halima alisalimiwa kila mlango. Hakusimama kwa hata mmoja. Tukampata Akinyi amekaa kizingitini, mtoto mapajani, kikombe cha maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji kando yake.

Alipotuona hakuinuka. Alisema, "Mmekuja kuniambia ingine?"

"Tumekuja kukuona, mama," Sista Halima akajibu, akachuchumaa pale pale kwenye tope na nguo zake nyeupe.

"Kwani nyinyi muko na midomo ngapi? Yule wa kwanza aliniambia nisinyonyeshe. Nikaenda ile kliniki ingine, wakaniambia nyonyesha. Leo huyu Sista mdogo amefungua vitabu, akatoka nje. Sasa mimi nimefanya hivi: leo nampatia yangu, kesho nampatia ya ng'ombe. Nimesema wacha nifanye zote. Si moja itakuwa ya ukweli?"

Mwanangu, hapo niliona tulichomfanyia. Kwa maana kati ya vile vitabu vitatu vilivyogombana kwa kila kitu, kulikuwa na jambo moja ambalo vyote vilikubaliana juu yake: kuchanganya ndiko kubaya kuliko kote, maana kunaumiza utumbo wa mtoto na kuvifungulia virusi njia. Na yeye, kwa kutusikiliza sisi sote kwa heshima, kwa kumtii kila aliyevaa koti jeupe, ndilo alilokuwa akilifanya.

Sista Halima alimpokea mtoto. Akaivuta ngozi ya tumbo kidogo kwa vidole viwili, ikarudi polepole kama unga uliokandwa. Akagusa utosi. Ulikuwa umebonyea, dalili ya kuishiwa maji mwilini.

"Mama," akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya chini zaidi ya kawaida, "wewe hujakosa. Umesikia? Hujakosa hata kidogo. Sisi ndio tumekuchanganya. Sasa chukua leso, mfunge mtoto, twende hospitali."

Tukapanda pamoja mpaka barabarani, Sista mbele akisema "Tupisheni, tupisheni," na watu wakijibana ukutani. Ndani ya matatu alikuwa akimdondoshea mtoto maji ya chumvi na sukari aliyokuwa amebeba, kwa kijiko, tone kwa tone. Kule hospitali kubwa walimpokea upesi, wakamtundikia maji. Mshipa ulisumbua kupatikana. Akinyi aligeuza uso ukutani, na mimi nikashika mkono wake, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kushika. Mwishowe maji yakaanza kuingia, na baada ya muda yule mtoto, ambaye hakuwa ametoa sauti tangu tumchukue, alilia. Sijawahi kusikia wimbo wa kanisani mtamu kama kile kilio.

Tulitoka nje kukaa kwenye benchi la korido. Nilikuwa nimelowa jasho. Nikamwambia Sista Halima, nikiwa na uchungu na nikitaka kumpendeza kwa wakati mmoja, "Sista, wiki hii nitasoma vyote. Sitaacha hata kimoja. Haitatokea tena."

Akanigeukia. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumwona amekasirika nami.

"Usisome!"

Nikamgeukia nami.

"Nafula, sikiliza. Vitabu vitatu ulikuwa umevisoma. Hukukosa kusoma. Na mama ameondoka mikono mitupu. Sasa unaniambia utasoma kumi? Ili aje mama mwingine umfungulie kumi?" Akapumua, hasira ikashuka. "Kosa si lako, ni langu. Nilikupa mzigo wa watu wote ukaubeba kichwa kimoja. Lakini nawe ulikubali, kwa sababu ulipenda kuonekana unaweza kuubeba. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Yule mama hataki kujua manahodha wote wanasema nini. Anataka kujua leo anampa mtoto wake nini."

Maneno hayo yaliniingia, mwanangu. Ilikuwa kama mtu amenitua mzigo na kunichapa kofi kwa mkono uo huo.

Kesho yake, wagonjwa walipopungua alasiri, Sista Halima alifunga mlango wa mbele na kumwacha mmoja wetu nje kwa ajili ya dharura. Akatuita wote, hata Mzee Otieno aliyekuwa akilinda lango, kwa sababu, alisema, watu humuuliza mlinzi kabla ya kumuuliza daktari. Akapika chai ya tangawizi. Akavimwaga vitabu vyote mezani.

Tulikuwa na kijana mmoja, Kamau, daktari msaidizi, mwenyeji wa huku Kawangware, mwenye akili kali na mdomo mkali zaidi. Yeye alikishikilia kile cha kwanza, cha maziwa ya kopo. "Hii ndiyo ya juzi," akasema. "Si mwaona hata karatasi yake? Hii imefanyiwa kazi."

"Imefanyiwa kazi na nani?" Sista Halima akamuuliza.

Kamau akasoma jina la shirika.

"Na imefanyiwa wapi?"

Akapekua. Ilikuwa nchi ya mbali, mji wenye maji safi kwa kila nyumba.

"Na wameiandikia nani? Sisi?"

Kamau akapekua tena, polepole sasa. "Wameandikia... watunga sera. Wanawaomba wafikirie."

"Basi wacha wafikirie," Sista akasema, na tukaangua kicheko, hata Kamau mwenyewe.

Tukafanya hivyo kwa kila kimoja. Hatukusoma kurasa zote. Tuliuliza tu: ni nani anasema, anamwambia nani, na alisema lini? Mwanangu, ungeshangaa jinsi lile rundo lilivyonywea. Vingi havikuwa maagizo hata kidogo. Vilikuwa habari za mradi, au maombi kwa wakubwa, au utafiti wa kupinga utafiti mwingine. Vyema, vya maana, vya watu waliotoa jasho, lakini havikuwa vya kumwambia mama aliyekaa kwenye benchi. Kile cha tatu ndicho kilichokuwa mwongozo wa wizara kwa ajili ya watu kama sisi, chembamba, hakina picha. Hata hivyo Sista hakuamini karatasi peke yake. Alimpigia simu afisa wa lishe wa wilaya, akamuuliza mbele yetu, na jibu likawa lile lile.

Kisha akafanya jambo nililoliona la kitoto wakati ule. Alitutaka kila mmoja aseme agizo hilo kwa maneno ambayo mama yake mwenyewe angeelewa. Mzee Otieno akalisema kwa Kijaluo. Mimi nikalisema kwa Kiluhya. Kamau kwa Kikuyu, akakwama kwenye neno la kuchanganya, tukamcheka. Sista akamalizia kwa Kinubi. Tulilirudia mpaka likawa neno moja katika midomo mingi: maziwa yako peke yake, bila maji, bila uji, bila ya ng'ombe, mpaka miezi sita, kisha uje tuongee tena.

Hapa lazima nisimame kidogo, mwanangu. Hilo lilikuwa agizo la miaka ile. Leo dawa ni bora na maagizo yamebadilika. Usije ukamtibu mtu kwa hadithi ya mwanamke mzee! Kaulize kwanza, upate la leo.

Nilikwenda wodini mwenyewe kumwambia Akinyi. Mtoto alikuwa amefumbua macho, anatazama taa. Nikamwambia lile neno kwa upole, kwa Kiswahili chetu cha kawaida, nikamweleza na sababu yake.

Akaniuliza, "Na kesho hutabadilisha?"

Ningeweza kumwambia la. Angefurahi. Lakini nilikuwa nimejifunza kitu kwenye ile chai ya tangawizi. Nikamwambia, "Pengine siku moja itabadilika, mama. Watu bado wanachunguza. Ikibadilika, nitakuja mimi mwenyewe nikwambie, na nitakuambia kwa nini."

Akatikisa kichwa, kukubali. "Hiyo ni sawa. Hiyo naweza."

Akamweka mtoto kifuani.

Mtoto alipona. Ulipofika wakati wake wa kupimwa, alikuwa hana virusi. Akinyi alicheka mpaka akakaa chini. Na agizo lilibadilika, bila shaka lilibadilika, dawa mpya zilipofika. Siku tuliyopokea mwongozo mpya nilivaa viatu vya matope nikashuka mpaka mlangoni kwake, maana sasa alikuwa na mimba ya pili. Aliponiona tu akaanza kucheka kabla sijasema neno. "Imebadilika?" akaniuliza. Nikamwambia, "Imebadilika." Akaniwekea kiti. "Haya, nieleze sababu." Nikamweleza tukinywa chai, na nilipotoka pale nilikuwa mwepesi.

Ile chai ya tangawizi ikawa desturi yetu kila wiki. Sista Halima alitugawia mambo: mimi akina mama na watoto wachanga, Kamau kifua kikuu, mwingine chanjo. Kila mtu alisoma ya sehemu yake, akaja na jambo ambalo linabadilisha kazi ya mikono yetu. Kama halibadilishi kitu, alisema hivyo tu, na tukaendelea na chai. Kwenye sehemu za wenzangu nikajifunza kutojua, na nikajifunza kuuliza. Wekesa akapata kitanda chake tena.

Sista Halima alistaafu, akakaa Makina na wajukuu, na Mungu akamchukua kwa upole, amelala. Walikuja watu wengi sana kumzika, na wengi wao alikuwa amewapokea kwa mikono yake. Mimi nilifanya kazi miaka mingi baada yake, na sasa nakaa hapa Kawangware, napanda sukuma kwenye magunia, na siamki na hofu.

Linet alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaivuta sahani akala, kuku wote, hata shingo. Kabla hajaondoka tulikaa na simu yake tukaanza kuuliza: nani anasema, anamwambia nani, lini? Magrupu mengine aliyazima sauti. Mengine alitoka kabisa. Juzi amenipigia akicheka. "Senje, tumeanza. Ni chai ya maziwa, hatuna tangawizi. Lakini tumeanza. Mimi nimepewa kusoma za presha na sukari."

Sasa wewe, mwanangu, uliyesoma mpaka hapa, nakuachia haya.

Usijaribu kuimaliza bahari. Hakuna aliyeimaliza, na waliojaribu walikufa na kiu. Karatasi ikikufikia, iulize imetoka kwa nani, ni ya nani, ni ya lini, kabla hujaiuliza inasema nini. Nyingi zitajibu kwamba hazikuwa zako, na hapo una ruhusa ya kuziacha bila dhambi. Zile ambazo ni zako, usizibebe peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Gawaneni, muaminiane, na mkutane mara kwa mara muambiane kwa maneno ya nyumbani. Usione aibu kusema sijui, ila usiishie hapo. Mwambie mtu utarudi na jibu, na urudi kweli. Agizo likibadilika, mwambie limebadilika na kwa nini. Watu hawachukizwi na mabadiliko. Wanachukizwa na kuachwa gizani. Na juu ya yote, mtazame mtoto kabla ya kutazama kitabu. Kitabu kitakungoja. Mtoto huenda asingoje.

Mungu aliyekupa macho akupe na kujua pa kuyaweka. Akuletee wenzako wa kugawana nao mzigo, na mkubwa asiyeogopa kukugombeza kwa upendo. Maneno yako yawe machache, na kila mgonjwa aondoke kwako akiwa na moja la kushika. Ukifika nyumbani, chakula chako kiwe kitamu, simu yako ikae kimya, na usingizi wako uwe mzito kama wa mtoto aliyeshiba.